Theluji si theluji tu: safari ya Lesotho kupitia wakala wa Dar es Salaam

Wakala aliyetuuzia safari hii ana ofisi ya chumba kimoja karibu na Posta, na jina lake sitalitaja, kwa kuwa nia yangu ni kuwasaidia wanaofikiria kununua kifurushi kama hiki, si kumharibia mtu biashara. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu na vijana wetu wawili waliokuwa likizo ndefu ya chuo. Kifurushi kilikuwa cha siku nne katika kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Afriski, kwenye milima ya Maluti nchini Lesotho, na ndani yake zilikuwamo tiketi za ndege hadi Johannesburg, gari la kutufikisha kituoni, malazi, na kukodi buti pamoja na mbao za kutelezea. Nilipomwuliza kama wiki ya mwisho ya Agosti ingekuwa na theluji nzuri, alinijibu kwa upole, "Kaka yangu, theluji ni theluji."

Upande wa usafiri sina lawama. Tiketi zilitoka siku tuliyoahidiwa, dereva alitusubiri uwanja wa ndege akiwa ameshika karatasi yenye jina letu, na barabara ya kutoka Butha-Buthe, inayopanda kwa kona kali hadi mita 2,820 penye mlima wa Moteng, aliiendesha kwa utulivu wa mtu anayeijua. (Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watauelewa urefu wa mahali penyewe nikisema kwamba kilele cha mteremko wa Afriski, mita 3,222, kingeangukia kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo, kwa hiyo anayetoka Mbagala asubuhi na kulala huko usiku ajiandae kuumwa kichwa.)

Asubuhi ya kwanza, saa tatu kasorobo, nilivua glavu nikachota theluji kwa kiganja. Nilitarajia kitu kama sembe iliyochekechwa, kinachopeperuka ukikipuliza. Nilichopata kilikuwa kama chenga za mchele: punje ndogo za mviringo, ngumu, zilizokwaruza ngozi, na nilipofumba ngumi hazikushikana hata kidogo. Mbao za skii zilipopita juu yake zilitoa mlio wa kijiko kinachokwangua ukoko wa wali sufuriani. Kijana wetu mdogo, aliyechagua ubao mmoja badala ya mbao mbili, alianguka kwa makalio mara tatu ndani ya dakika kumi, na kila mara aliapa kwamba ameangukia sakafu.

Hilo si kosa la kituo. Lesotho hupata mvua zake nyingi katika miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Aprili, na majira yake ya baridi ni makavu, kwa hiyo theluji ya kutoka angani huja mara chache, na mteremko mkuu, wenye urefu wa kilomita moja hivi, hutegemea sana mashine. Mashine hizo hupuliza matone madogo mno ya maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa, nayo matone huganda kabla ya kutua. Ukavu wa hewa husaidia, kwa sababu tone hupoteza sehemu ya maji yake kwa njia ya mvuke na hivyo kupoa kuliko hewa inayolizunguka. Ni kanuni ileile inayoyafanya maji ya mtungini yawe baridi nyumbani kwa bibi, na ndiyo sababu mtungi huohuo hupoza vizuri zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam, ambako hewa imeshiba unyevu. Tatizo ni kwamba tone linaloganda kwa sekunde chache halipati muda wa kuchipuza matawi sita ya chembe ya theluji ya mawinguni, bali hubaki shanga tu. Shanga hubanana, na ndiyo maana mita moja ya ujazo ya theluji mpya iliyo kavu yaweza kuwa na kilo 50 hadi 100, ilhali ile ya mashine hufika kilo 400 na kuzidi. Ni nzito na haina ulaini wa kumpokea anayeanguka, ingawa ina sifa moja kubwa: haiyeyuki upesi.

Kilichotugharimu hasa ni tarehe. Mwishoni mwa Agosti jua la huko limekwisha kupanda, basi uso wa mteremko ulikuwa mgumu hadi kama saa nne na nusu, ukalainika kiasi cha unene wa vidole viwili, ukawa mtamu kabisa hadi saa saba mchana, kisha ukageuka uji mzito uliozinasa mbao na kutuchosha magoti. Usiku uji ule uliganda tena, na kesho yake tukaanza upya na ukoko. Kwa siku tulipata saa mbili unusu za theluji nzuri, na saa hizo, nikiri, sitazisahau; mke wangu, aliyekuja kwa kulazimishwa, ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Katikati ya Julai usiku ni wa baridi zaidi, mashine hupata muda mrefu wa kufanya kazi, na jua huwa chini, kwa hiyo kile kipindi kitamu hurefuka. Wakala angeweza kutuambia hayo kwa dakika mbili.

Kwa kulinganisha, miaka michache iliyopita niliteleza Ski Dubai, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates. Mteremko wake mrefu ni mita 400 tu, lakini baridi hudhibitiwa mwaka mzima, kwa hiyo theluji ya saa nne ndiyo theluji ya saa kumi, na anayejifunza hujua kosa ni lake. Kwa anayeanza, ningempeleka huko kwanza. Kinachokosekana ni anga.

Jambo lililoniudhi zaidi ni picha ya tangazo, iliyoonyesha mtu amezama hadi kiunoni katika theluji laini. Theluji ya namna ile ndiyo inayoisifisha Niseko, kule Hokkaido nchini Japani, ambako upepo mkavu wa Siberia huvuka bahari, ukazoa unyevu, kisha ukaumwaga milimani majira yote ya baridi. Kuiuza Maluti kwa picha hiyo ni sawa na kuuza dagaa wa Kigoma kwa picha ya kamba kochi. Dagaa ni watamu, ila mteja amelipia kingine. Vilevile, wakala alipotusomea kwamba kina cha theluji kilikuwa cha kutosha, hakusema ni theluji ya siku ngapi, wala kama usiku uliotangulia kulikuwa na baridi ya kuganda. Hayo ndiyo ya kuuliza kabla ya kutoa malipo ya awali, na kama kituo kina kamera ya mtandaoni, mtu aitazame asubuhi na alasiri, siku tatu mfululizo.

Kwa usafiri nampa wakala nyota nne kati ya tano, na kwa ushauri nampa moja. Juma lililopita alinitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba zimebaki nafasi chache za "Krismasi ya theluji Lesotho". Desemba huko ni msimu wa mvua na joto, na pale tulipotelezea patakuwa nyasi. Nilimwuliza theluji hiyo itatoka wapi, naye akanijibu kwa alama ya kidole gumba.