Miezi saba na kipima gama cha mfukoni: nundu niliyodhani ni ubovu

Kilikuwa hakijamaliza hata wiki mezani kwangu nilipotaka kukirudisha. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, na nilijibana miezi kadhaa kununua hiki kiboksi cha kupima mionzi ya gama, kinachoenea kiganjani. Ndani kina fuwele ya iodaidi ya sesiamu, mchemraba wa sentimita moja. Kinaunganishwa na simu, na badala ya kulia tik-tik tu kama vile vya zamani, kinachora grafu ya nishati ya kila fotoni, yaani kila kichembe cha mionzi, iliyonaswa. Ndivyo nilivyoelewa tangazo, na neno "kila" ndilo lililoniponza.

Nilikipeleka kwa fundi wa maabara ya chuo fulani, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye hufungia chanzo kidogo cha mionzi, sesiamu-137, ndani ya kasha la risasi (ile metali nzito). Vitabu vinasema sesiamu hiyo hutoa gama ya 662 keV (keV ni kipimo cha nishati), basi nikategemea mnara mmoja uliosimama kwenye 662 na kwingine kote kuwe tambarare. Mnara ulikuwepo. Ila hesabu nyingi zaidi zilikuwa zimelala kushoto kwake: uwanda mrefu unaoporomoka karibu na 480, kisha nundu nene mahali fulani kwenye 180 na ushei. Nikaona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Fundi alicheka. "Mwalimu, mashine haina kosa. Hebu jumlisha 477 na 184."

Nikapata 661. Tukiweka na desimali, 662 kasoro kidogo tu. Hapo nikaona aibu, maana fomula ya Compton, ya fotoni inayogonga elektroni, nimeiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka.

Fotoni ikiingia kwenye fuwele si lazima imezwe nzima. Mara nyingi hugonga elektroni kama gololi inavyogonga nyingine, ikaiachia sehemu ya nishati na kuendelea na safari kwa upande mwingine. Ikitoka nje ya fuwele, kifaa kinaandika kile kilichoachwa tu. Kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kuachwa kwa pigo moja ni pale fotoni inapogeuzwa kurudi ilikotoka: elektroni inabaki na 477, na ndiyo maana uwanda unakatika pale. Nundu ni upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Hizo ni fotoni zilizotupita, zikagonga ukuta, meza, pengine na vifua vyetu, zikarudi zikiwa zimebakiwa na 184 hivi.

Sikuamini kwa maneno. Tukaweka chanzo na kifaa juu ya stuli katikati ya chumba, nundu ikanywea. Tukasogeza tofali la saruji nyuma ya chanzo, ikavimba. Tukaweka bamba la risasi karibu, kikachomoza kilele kipya kidogo kwenye 75: eksirei za risasi yenyewe. Kisha ndoo ya maji katikati. Kilele cha 662 kilipungua sana, kama inavyotakiwa, kwani sentimita 8 hivi za maji huondoa nusu ya fotoni zisizoguswa. Lakini namba ya dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho mwili ungepokea, ilishuka kidogo kuliko nilivyopiga hesabu, kwa sababu zile zilizogongwa ndani ya maji hazikupotea. Zilipinda tu, na baadhi zikapindia kwetu.

Basi udhaifu wa kweli wa kifaa hiki ni udogo wa fuwele. Kwenye fuwele kubwa ya inchi tatu, fotoni iliyogongwa hugongwa tena na tena hadi inaishia humohumo, na mnara unanenepa. Kwenye sentimita moja nyingi zinatoroka. Nililaza kisoksi cha zamani cha karabai, vile vyenye thoriamu inayotoa mionzi, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kifaa usiku kucha (usikifikiche, vumbi lake si la kuvuta). Kilele cha 239 kilitoka safi, 583 na 911 vikaonekana. Kile cha 2615 kilikuwa vinukta vya kuhesabu kwa kidole.

Usikinunue ukidhani utapimia mashine ya eksirei ya hospitali. Mwale ule ni wa muda mfupi na mkali mno, kifaa kinazidiwa. Ila jirani yangu anayepiga picha za eksirei aliitambua grafu mara moja: fotoni hizohizo zilizotawanyika mwilini mwa mgonjwa ndizo zinazotia ukungu kwenye picha zake, na ndizo zinazozuiwa na ile gridi ya vipande vyembamba vya risasi aliyoibuni Gustav Bucky mwaka 1913.

Betri haijanisumbua. Joto linasumbua: nikikisahau kwenye gari, vilele vinahama kidogo hadi kipoe.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya programu yake ya kutaja majina. Siku ile maabarani, programu iliiwekea nundu ya 184 kibandiko cha "radiamu-226", elementi nyingine ya mionzi, kwa kuwa radiamu ina mstari wake kwenye 186 na kifaa hiki hakiwezi kutenganisha viwili hivyo. Fundi alisogeza lile tofali la saruji mbali, na radiamu yetu ikatoweka.