Ufadhili wa kumbukumbu au mkopo wa Bodi: uombe upi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, swali hurudi: nihangaikie ufadhili wa kumbukumbu, kama ule ulioanzishwa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2009 kumuenzi Mwalimu Nyerere, au nitegemee mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu?

Kwa gharama, ufadhili unashinda bila ubishi: haurudishwi. Kwa mkopo, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe, ingawa kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021 kulipunguza machungu.

Kuupata ni habari nyingine. Mfuko wa Mwalimu hutazama ufaulu, hasa wa hisabati na sayansi, na nafasi zake ni za kuhesabika. Bodi hutazama uhitaji, na hapo makaratasi ndiyo kazi. Nilimsaidia binti mmoja yatima kuomba. Cheti cha kifo cha baba yake kilikunjwa miaka mingi ndani ya Biblia ya mama hadi namba ikafutika, nacho lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Wiki mbili zilikwenda kwenye karatasi hiyo moja.

Ufadhili aghalabu hukudai alama zisishuke. Mkopo hukutaka ufaulu tu uendelee na mwaka unaofuata.

Mwenye alama za juu za sayansi aombe vyote viwili. Mwenye ufaulu wa kawaida, na nyumbani hakuna kitu, aanze na vyeti vya Bodi leo, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.