Kusafisha injini kwa barafu kavu hapa Dodoma: uzoefu wangu

Nimetumia huduma ya kupuliza barafu kavu (hewa ya ukaa iliyogandishwa) hapa Dodoma mjini kwa Land Cruiser ya dizeli inayopita sana njia za Kondoa na Kiteto. Zilisafishwa injini, giaboksi na sehemu yote ya chini. Kazi nimeiridhia na nitairudia. Ila ubora wake hutegemea mambo mawili ambayo mteja ayakague mwenyewe kabla mashine haijawashwa: barafu na hewa.

Barafu yenyewe ni punje za milimita 3 zenye baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Hii ilitoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 450 hivi, na hata ndani ya boksi zuri la foamu hupungua asilimia 5 hadi 10 kwa siku. Uzito unaopotea si tatizo kubwa. Tatizo ni punje kunyonya unyevu na kushikana kama sukari iliyoachwa wazi msimu wa mvua. Zikifika kwenye mashine zinaziba, mpulizo unakatikakatika, na muda unaolipia unaendelea kuhesabiwa. Omba boksi lifunguliwe. Punje nzuri ni ngumu na zinatiririka zikichotwa kwa kikombe. Ukiona mabonge au unga, ahirisha. Usizishike kwa mkono mtupu.

Hewa nayo: mashine ya kawaida inataka mita za ujazo 3 hadi 5 kwa dakika, bila kukatika. Kompresa ya kujazia matairi haiwezi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo kompresa iliyotosha Dar huku inaweza kupungukiwa. Kikausha hewa ni lazima, la sivyo unyevu unaganda ndani ya nozeli, yaani mdomo wa mpulizo. Kiangazi chetu kinasaidia sana, maana chuma kilichopoa hakishiki umande mwingi. Msimu wa mvua, mwambie fundi amalizie kwa hewa tupu kavu kwenye soketi zote kabla ya kuwasha injini.

Punje zikigonga, utando wa oili na vumbi unapoa ghafla, unakakamaa na kupasuka. Barafu inageuka gesi inayojaa nafasi kubwa mara 700 hivi na kuunyanyua uchafu. Hakuna maji yanayoingia kwenye altaneta, wala mchanga unaobaki kwenye beringi. Kwa mji wenye shida ya maji kama wetu, hilo peke yake ni sababu ya kutosha. Lakini uchafu hauyeyuki, unadondoka, kwa hiyo turubai litandikwe chini.

Chasisi na giaboksi zilipulizwa kwa presha ya baa 6 hadi 7. Kwenye wayaringi na sensa presha ishushwe hadi baa 2 au 3, nozeli ikae umbali wa sentimita 15 hadi 20 na isisimame sehemu moja. Rejeta ipulizwe kwa kuielekea moja kwa moja, kwa sababu mpulizo wa pembeni unakunja mapezi yake. Soketi za plastiki zilizokaushwa na joto la miaka mingi zisafishwe kwa brashi tu, maana hukatika. Foamu ya chini ya boneti itolewe kwanza, na vumbi kavu liondolewe kwa hewa tupu. Kulipigia barafu ni kupoteza kilo bure.

Kutu haitoki. Magamba yaliyolegea yataanguka, lakini kutu iliyoshika inataka mashine ya mchanga au brashi ya waya, na anayekuahidi vinginevyo anakudanganya.

Jambo ambalo sikubali lifanywe popote ni kupuliza gari likiwa juu ya shimo la gereji. Hewa ya ukaa ni nzito mara 1.5 kuliko hewa ya kawaida, inajaa shimoni bila harufu, na fundi aliye chini anaweza kuzimia. Gari liinuliwe kwa lifti mahali pa wazi, mashine iunganishwe na waya wa athi, na walio karibu wazibe masikio kwa sababu kelele hupita desibeli 100.

Kabla ya kulipa, washa injini ipate moto, kisha mulika tochi kwenye oili sili ya nyuma, gasketi ya kava ya valvu na viungio vya mipira ya dizeli. Chuma kikiwa safi, tone jipya linaonekana mara moja.