Friji lipi ununue Mwanza usije ukaumizwa na LUKU

Ukiingia dukani, kabla ya kuuliza bei uliza linakula uniti ngapi. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo zinahesabiwa shilingi 350 kila moja, na ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Taa na TV si rahisi zikufikishe huko. Friji, ambalo haliachi kuwaka usiku na mchana, ndilo linalokuvusha.

Hesabu yake ni nyepesi. Friji jipya lina stika yenye kWh kwa mwaka, na kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Gawa kwa 365. Lililoandikwa 219 linakula uniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi. Linalokula mbili kwa siku linamaliza 60, unabaki na 15 za pasi, feni, simu na kila kitu kingine. Lisilo na stika, usichukue wati ukazidisha kwa saa 24, maana mota hupumzika. Wati 120 ikifanya kazi saa 10 kwa siku ni uniti 1.2.

Nafasi ya kwanza naipa friji la milango miwili lenye inverta, la lita 200 hivi, lile la kawaida linaloganda barafu kwenye kuta za ndani. Mota ya inverta hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuanza upya kwa kishindo, kwa hiyo inakula kidogo. Yale yasiyoganda barafu ni mazuri kwa usafi, lakini ndani yana hita ya kuyeyushia, na hita hiyo nayo inalipiwa.

La pili ni friza la kufungulia juu. Ukifungua, baridi haimwagiki miguuni kwako kama kwa friji la kusimama, kwa sababu hewa baridi ni nzito. Anayenunua sato wa wiki nzima pale Mwaloni Kirumba, au anayeuza barafu na maji ya kandoro, achukue hili bila kusita. Lakini kwa familia inayotaka kutunza mboga na maziwa tu, litagandisha hata nyanya.

La tatu ni dogo la mlango mmoja. Linamfaa anayeishi peke yake.

La nne, mtumba. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nililinunua. Bei ilinivutia, muuzaji akaniwashia, likapoa vizuri. Mwezi wa kwanza LUKU ikawa inakata katikati ya wiki. Usiku mmoja nikazima kila kitu nikaliacha lenyewe. Saa mbili usiku mita ilisoma 14.6, saa kumi na mbili asubuhi 13.5. Uniti 1.1 kwa saa kumi tu, maana yake zaidi ya mbili na nusu kwa siku! Tatizo lilikuwa mpira wa mlango: upande wa bawaba ulikuwa umekauka na kupasuka, baridi inavuja usiku kucha. Kwa hiyo ukienda kununua la mtumba, beba noti. Ifungie mlangoni, kisha ivute. Ikichomoka bila kubana, mpira umekufa. Zunguka nayo pande zote nne, hasa kwenye bawaba na pembeni chini.

Friji la vioo la dukani usilipeleke nyumbani kabisa. Kioo hakizuii joto kama mlango wenye sponji, na taa yake inawaka muda wote.

Lolote utakalochagua, nunua na friji gadi, maana umeme ukirudi ghafla kompresa ndiyo inayoungua kwanza. Liweke mbali na jiko na dirisha la jua, nyuma uache nafasi ya kiganja hewa ipite. Kama limelazwa kwenye kirikuu kutoka mjini mpaka Buhongwa, lisimamishe, uliache mpaka kesho yake ndipo uliwashe, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.