Pyzotero imeniokoa kwenye makala zangu za korosho

Kwa miaka sita nimekuwa nikihifadhi makala za korosho kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, nyingi za ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na sasa zimefika 640. Juzi kiongozi wetu wa mradi hapa Mtwara akaniomba orodha ya zile zisizo na mwaka wa kuchapishwa. Nizifungue moja moja mpaka lini? Nikasakinisha Pyzotero, maktaba ya msimbo ya lugha ya programu ya Python inayochota data za Zotero.

Unahitaji namba ya akaunti yako au ya kikundi, aina ya maktaba yako ya Zotero, yaani ya mtu au ya kikundi, na ufunguo (API key) unaoutengeneza kwenye tovuti ya Zotero. Basi. Kila makala inakuja kama kamusi ya Python (dictionary), yaani majina na thamani zake. Mwaka unaukuta ndani ya `data`, kwenye `date`.

Ila hapa kaa macho. Mimi zilikuja 100 tu, moyo ukanilipuka nikidhani nyingine zimefutika. Kumbe Zotero haitoi zaidi ya 100 kwa ombi moja. Ukiifunga amri yako ndani ya `everything()`, inapitia kurasa zote yenyewe. Zikatoka zote, na 37 hazikuwa na mwaka.

Ninachokipenda kuliko vyote ni `local=True`, unayoiweka unapoiunganisha Pyzotero na Zotero. Zotero 7 ikiwa imefunguliwa kwenye kompyuta yako na umeiruhusu kwenye mipangilio, Pyzotero inasoma humo humo bila intaneti. Kwetu mvua ikinyesha mtandao hupotea, kwa hiyo hili kwangu ni kubwa sana. Kwa njia hiyo inasoma tu, haiandiki; ile miaka 37 niliijaza kesho yake mtandao uliporudi.