Apu za kupangia kazi za timu: ipi uanze nayo, ipi ulipie

Sisi tuko 6, tunadizaini na kuprinti, na mpaka mwaka jana kazi zote zilikuwa kwenye grupu la WhatsApp. Mteja akabadilisha rangi ya logo kwa voisi noti saa 4 usiku, asubuhi imeshafunikwa na meseji za "mmeamkaje", tukaprinti tisheti 80 rangi ya zamani. Hasara yetu wenyewe. Toka hapo chati nzuri hazinidanganyi, mi naangalia kitu kimoja, maneno ya kazi yanakaa palepale kwenye kazi au yanaelea.

Namba 1 Trello. Kila kazi ni kadi, unamtag mtu, faili na komenti vinakaa humohumo, na kwenye simu hata bando likikata unaandika tu, mtandao ukirudi inajituma. Ya bure mwisho watu 10 na wageni uliowaalika wanahesabiwa humo (wengi hapa ndo wanashtukia), afu faili moja lisizidi MB 10, sasa kwa mtu wa mabango hiyo ni ndogo mno, tunabandika linki ya Google Drive maisha yanaenda. Kulipia ni dola 5 kwa kichwa kwa mwezi, ukilipa mwaka mzima.

Namba 2 ClickUp, dola 7, ila ya bure haina kikomo cha watu. Kinachonikosha, komenti yenyewe unaweza kumkabidhi mtu na inaendelea kumdai mpaka aifunge. Tatizo ina vitu vingi mno, utatumia wiki nzima kuipanga badala ya kufanya kazi.

Namba 3 Asana. Kazi moja inapewa mtu mmoja tu, wamefanya makusudi, na mi nawaunga mkono, maana kadi ya Trello yenye sura 4 kila mtu anajua mwenzie anaifanya. Bei ndo imeishusha, karibu dola 11.

Basecamp ni ya wenye wateja wa kuchungulia kila saa: unachagua mteja aone nini na humlipii. Dola 15 kwa mfanyakazi, au 299 kwa mwezi bila kuhesabu vichwa, kwa hiyo chini ya watu 20 hiyo ya pili hata usiiangalie.

Kabla hujatoa hela mpe kwanza aijaribu yule asiyependa kompyuta kabisa. Wetu ni fundi wa mashine, Trello aliikubali kwa sababu moja tu, anaburuta kadi kwa kidole basi.