Laki nne na nusu kwa ajili ya pua ya Bosi: uzoefu wangu na mafunzo ya mbwa nyumbani

Nimelipa shilingi 450,000 ili mtu aje kunifundisha kumwacha mbwa wangu, Bosi, anuse. Mume wangu akitaka kunichokoza ananikumbusha hiyo hela. Lakini ni yeye huyo huyo ambaye jioni anachota dagaa jikoni, anaenda kuwaficha nyuma ya nyumba, kisha anasimama kibarazani mikono kiunoni kama anaangalia mechi.

Niseme kwanza unalipia nini. Ni masomo 10 kwa wiki 5, saa moja kila somo, na mwalimu anakufuata nyumbani. Sisi tupo Goba, Dar es Salaam. Nusu unatoa mwanzo, nusu ukifika somo la 5. Mwalimu ni mzee mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi na mbwa wa kunusa. Anakuja na bodaboda, begi moja mgongoni na kofia ya pama. Usitegemee gari lenye picha ya mbwa ubavuni.

Bosi ana miaka 3. Mama yake ni Jamani Shepadi, baba yake aliruka ukuta. Tulimchukua akiwa na wiki 7 tukamtia bandani, kwa sababu kila tuliyemuuliza alisema mbwa wa ulinzi hazoeshwi watu: mchana fungia, usiku fungulia. Wapo wanaowalisha pilipili ili wawe wakali. Mimi sikufika huko, ila bandani alikaa. Alipokua akawa anabwekea kila kitu: muuza maji, watoto wa shule, mfuko wa rambo unaopeperuka. Wageni wakawa wanapiga simu wakiwa bado barabarani: "Mmemfunga?"

Kabla ya mzee huyu niliwahi kumlipa kijana mwingine, ambaye simtaji, aliyekuja na kola ya umeme. Kazi yake ilikuwa rahisi: Bosi akibweka getini, kijana anabonyeza rimoti. Siku ya tatu kubweka kukaisha. Nikafurahi, nikawasimulia mpaka watu wa kazini. Wiki mbili baadaye fundi bomba akaingia getini, Bosi hakuunguruma wala hakubweka, alikwenda moja kwa moja kwenye paja. Bahati nzuri alikamata suruali tu, na chanjo zake zote alikuwa nazo. Mzee alinieleza baadaye kilichotokea. Bosi hakujua kwamba anaadhibiwa kwa kubweka. Alichojua ni kwamba kila anapotokea mtu getini, shingo inaungua. Kwa hiyo mtu ndiye aliyekuwa anamchoma. Na kuunguruma, ambako ndiko mbwa anakosemea "usinisogelee", tulikuwa tumemnyang'anya.

Somo la kwanza nilidhani nimeibiwa. Mzee aliomba ndoo, akaigeuza, akaikalia katikati ya uwanja akimpa Bosi ubavu, macho chini, kimya. Bosi alikuwa bandani anabweka mpaka anakohoa. Zikapita dakika 20.

"Mwalimu, tunaanza saa ngapi?"

"Tumeshaanza, mama. Ananisoma."

Kumbe hata pale alipokalia alipachagua. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kwenda bandani, ili harufu yake itangulie. Alinionyesha pua ya Bosi ilivyokuwa ikichezacheza. Mbwa akinusa kwa makini anavuta pumzi fupifupi kama mara 5 kwa sekunde, na hewa anayoitoa inapitia vipasuo vya pembeni mwa pua, haigongani na harufu mpya inayoingia. Ndani ya pua zetu sisi kuna vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6. Mbwa anavyo kati ya milioni 200 na 300. "Sasa wewe unamwambia tulia," akasema mzee, "na hujampa nafasi ya kujua nani ameingia. Ni kama uvamiwe umefungwa kitambaa machoni."

Halafu akasogea mwenyewe bandani, akachungulia, akakunja uso. Nilikuwa naliosha banda kila Jumamosi kwa dawa ya choo ile yenye harufu kali, na kwa kweli nilijisifu kwa usafi. "Mama, huyu unamlaza ndani ya chupa." Toka siku hiyo banda linaoshwa kwa maji na sabuni ya kipande kidogo tu, linaanikwa jua. Siku za somo akanikataza marashi na udi. Hilo lilinigharimu kuliko ile hela.

Masomo manne yaliyofuata yalikuwa kunusa tu. Tulianza na dagaa wa Mwanza kutawanywa kwenye majani, tukaja kwenye maboksi matano ambapo moja tu lina dagaa, kisha kipande cha kitenge nilichokishika mimi kikafichwa nyuma ya tangi la maji. Neno ni "tafuta". Mara ya kwanza Bosi alikuwa anakimbia ovyo, ananitazama, anabweka. Mzee akaniambia nifunge mdomo na nisinyooshe kidole. Mara ya tatu kichwa kikashuka, mkia ukalegea, akaanza kutembea kwa kukata pembe kama mtu anayetafuta hereni. Alipokipata kile kitenge alijinyoosha chini, akahema, akalala. Dakika 12 za kunusa zilimchosha kuliko mizunguko yote niliyowahi kukimbia naye mpaka njia panda. Yule mbwa aliyekuwa anatembea huku na huko usiku kucha alilala hadi saa 5 asubuhi, nikaenda kumwangalia kama anapumua.

Baadaye nilisoma utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 ambao ulinikumbusha siku hiyo. Mbwa wa majumbani waligawanywa: wengine walicheza mchezo wa kutafuta kwa pua kwa wiki 2, wengine wakafundishwa kutembea sambamba na mguu wa mwenye mbwa. Kisha wote wakawekewa bakuli mahali pasipoeleweka, huenda lina chakula huenda halina. Wale wa pua walilifuata bakuli kwa haraka kuliko walivyokuwa wakifanya mwanzo, wenzao hawakubadilika. Yaani walikuwa wanategemea mema. Bosi wangu alikuwa wa kutegemea mabaya tangu utotoni. Na hapo lazima nikiri, kosa ni letu: mtoto wa mbwa anazaliwa macho na masikio yamefunga, yanafunguka kati ya wiki ya 2 na ya 3, na kutoka hapo hadi kama wiki ya 12 au 14 ndipo anapojifunza vitu gani duniani si vya kuogopa. Wiki zile Bosi alizimalizia akitazama wavu.

Masomo ya macho yalikuwa mafupi na yalinichekesha. Nilikuwa nimemnunulia mpira mwekundu, shilingi 8,000, na nilikuwa nimeamua kwamba mbwa huyu ni mjinga kwa sababu mpira uko mbele yake kwenye majani na haoni. Mbwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Rangi wanazozishika ni buluu na njano. Mzee alichukua ndala ya buluu iliyokatika mkanda, akairusha, Bosi akaifuata bila kusita. Mpira mwekundu sasa ni wa mwanangu.

Kuhusu maneno ya amri. Mbwa wengi wa Dar wanaamriwa kwa Kiingereza, hata wa watu ambao wenyewe hawakisemi. Mimi nilitaka Kiswahili, tukachagua "kaa", "njoo" na "tafuta". Mzee alinionya, sikusikia. Nyumba yenye watoto wawili neno "kaa" linatamkwa mara ngapi kwa siku? Kaa vizuri, kaa ule, kaa mbali na jiko. Bosi akawa anakaa, anainuka, anakaa, hajui anaitwa yeye au mwanangu Junia, na mwisho akaacha kusikiliza kabisa. Tukahamia kwenye ishara ya mkono, kiganja kikielekea juu, na alishika kwa siku mbili. Mbwa anausoma mwili wako kabla hajayasikiliza maneno yako, na mimi muda wote nilikuwa nasema "tulia" huku nimekaza mabega na kuvuta kamba.

Kile kidude cha kubofya kinacholia "tak" alitaka kuniuzia shilingi 15,000. Kazi yake ni kumwambia mbwa "hapo hapo, umepatia" kabla dagaa hajafika mdomoni. Nakubali kinafanya kazi. Kule Morogoro, kwenye chuo kikuu cha kilimo SUA, panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wanafundishwa kwa mlio wa namna hiyo hiyo, zawadi yao ndizi. Lakini mfuniko wa chupa ya jemu, ule wenye kitufe kinachoruka katikati, unatoa mlio uleule bure. Nilimwonyesha, akacheka, akakirudisha begini.

Sasa pasiporidhisha. Nampa nyota 4 kati ya 5, na ile moja imekatwa na masikio.

Bosi anaogopa mvua kwenye bati. Ikianza anatetemeka, mate yanamtoka, anachimba mlango. Mbwa anasikia milio ya juu hadi mitikisiko kama 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000, kwa hiyo sijui kwenye mvua ile yeye anasikia nini zaidi yangu. Mzee alinipa zoezi: nirekodi mvua kwenye simu, nimpigie kwa sauti ndogo huku anakula dagaa, niongeze kidogokidogo kila siku. Nilifanya wiki 3 bila kuruka. Kwa simu akawa hajali kabisa. Masika ilipofika, mvua ya kwanza ya kweli, alirudi palepale. Spika ya simu haiwezi kutoa ule mngurumo wa radi unaotetemesha sakafu, na simu haina harufu ya mvua inayokuja. Nilimwambia mzee, akakubali bila kubishana, akanielekeza kwa daktari wa mifugo. Nampongeza kwa ukweli, ila angeniambia kabla, maana kwenye maelezo ya huduma "hofu ya kelele" imeandikwa. Siku hizi mvua ikinukia tunamwingiza stoo ya chakula, chumba kisicho na dirisha, na godoro lake lenye harufu yake ambalo hatulifui ovyo. Anatetemeka bado. Mlango hachimbi.

Mengine madogo: anachelewa, mara mbili alikuja saa nzima baada ya muda. Hakuachii maandishi yoyote, nilijiandikia mwenyewe kwenye daftari la hesabu la Junia. Na ukimtaka akufanyie mbwa awe mkali, anakataa kazi. Jirani yangu wa nyuma alimwita kwa hilo, mzee akanywa chai, akaaga.

Mtu asiye na dakika 15 kila siku za kufanya mazoezi mwenyewe, asitoe hela yake. Mwalimu akiondoka, unabaki wewe, mbwa na dagaa.

Lililonishangaza zaidi linahusu jirani yetu wa ukutani, mzee wa watu anayepita mbele ya geti letu kwenda kuswali alfajiri. Mate ya mbwa kwake ni najisi. Yakimgusa kanzu ni kuosha mara 7, moja kwa udongo, na ndiyo kwanza adhana inaisha. Bosi alikuwa anamrukia getini kila siku, na pua yake ilikuwa inapenya kwenye nafasi ya chini. Nilishamwomba radhi mpaka naona haya kukutana naye dukani. Katika somo la 8 mwalimu akasema tunahitaji kitu chenye harufu ya jirani huyo. Nikaenda kubisha hodi, nikamweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, mbwa anataka ndala yangu?"

"Shikamoo tena, babu. Ni ya kunusa tu."

Akaingia ndani, akatoka na ndala moja kuukuu, ya kushoto, akaniwekea juu ya ukuta. "Msinirudishie."

Wiki mbili ile ndala ilikaa karibu na bakuli la chakula, na alfajiri nilikuwa naamka mimi, nimejifunga khanga, nasubiri nyayo njiani. Bosi ananusa, anageuza kichwa kwangu, tak, dagaa, mbali na geti kwenye mkeka wake. Siku ya 9 alikwenda mkekani mwenyewe kabla mimi sijasikia nyayo. Alikuwa ameshamjua akiwa bado kwenye kona. Ile kelele ya alfajiri ikakoma, mtaa mzima ukalala mpaka adhana, ambayo Bosi anaiitikia kwa kuvuta sauti hadi leo na hilo hatukuligusa.

Mwezi uliofuata nilifungua geti asubuhi nikakuta ndala ya kulia imewekwa juu ya ukuta.